Kinachoelea ni Kizima

Funguo za maabara nimekabidhi. Koti jeupe nimekabidhi, ingawa weupe wenyewe uliisha zamani. Darubini mbili, moja nzima na nyingine ya kuombewa dua, nimezikabidhi kwa sahihi. Kitu kimoja tu sikukikabidhi, kwa sababu fomu ya makabidhiano haina mstari wake: droo ya pili kushoto, chini ya meza ya mkojo. Ndani yake kuna waya wa shaba wenye urefu wa kidole, umechomekwa kwenye kizibo, na karatasi moja ya majibu, ya zamani, yenye mihuri miwili, iliyoandikwa kwa mkono wangu. Nazijua tabia zenu. Jumamosi mtafanya usafi na mtavitupa vyote viwili. Msivitupe. Naandika haya ili mjue kwa nini.

Habari za vyeo na mishahara msizitarajie humu. Vyeo vilinikuta nimeshazoea kukaa bila vyeo, na mshahara wenyewe ndio huo huo mnaoulalamikia nyinyi.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya polisi hapa hapa Kampala. Baba alikuwa koplo, Mkatoliki wa kaskazini. Mama Mwislamu wa kujisitiri. Nyumbani naitwa Zubeda, kwenye cheti cha ubatizo naitwa Rosa, na hospitali walichukua Rosa kwa sababu ndilo jina lililokuwa kwenye cheti cha shule. Mzee Kaggwa peke yake ndiye aliyeniuliza mama ananiitaje, na tangu siku hiyo akaniita Zubeda.

Niliingia maabara mwaka uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi. Bwana wa Kihindi aliyekuwa mkuu wa maabara alishaondoka na masanduku yake mawili, akaacha chupa zimepangwa kwa alfabeti na majina ya dawa kwa mwandiko mzuri, nyingi zikiwa tupu. Aliyebaki ni Mzee Kaggwa, Muganda wa Masaka, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza kazi akiosha vioo na alijua kila kitu. Ulimi wake ulikuwa unazipindua herufi kama Waganda wengi, na hakuona haya hata kidogo.

"Zubeda," aliniambia siku ya kwanza, "reta grasi mbiri."

Nikaleta glasi mbili. Akamimina mkojo wake mwenyewe kwenye moja, bila kuona aibu, na mkojo wa mgonjwa mwenye macho ya manjano kwenye nyingine. Akafungua kopo la unga wa salfa, ule wa rangi ya bizari, akanyunyiza kidogo juu ya kila glasi.

"Usitikise. Usipurize. Tazama tu."

Kwenye mkojo wake unga ulibaki juu, umekaa raha mustarehe. Kwenye ule wa mgonjwa ulikaa kidogo, kisha ukaanza kushuka chembe chembe hadi chini.

"Nyongo ikiingia kwenye mkojo, unga inazama. Hapo ini inaria. Rakini kinachoerea?"

Nikasema sijui.

"Kinachoerea ni kizima. Sema."

Nikasema. Nilisema kila asubuhi kwa miaka miwili: kinachoelea ni kizima. Nyinyi mna mashine inayotapika karatasi yenye tarakimu, hamuwezi kujua raha ya kipimo cha unga na macho. Dawa za kupima damu zilikuwa haziji. Umeme ulikuwa ukikatika, na damu tulizungusha kwa mashine ya mkono, mtu akizungusha mpaka bega linawaka. Nusu ya maini ya Kampala yalisomwa kwa kopo lile la salfa.

Sasa niwaambie hali ya mji. Maduka na viwanda vya Wahindi viligawiwa watu, wengi wao wanajeshi, na watu hao mji mzima uliwaita mafutamingi. Lakini mafuta yenyewe ya kupikia hayakuwepo! Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi kwa kubahatisha. Mtu akisema anajua yanakopatikana mafuta, unamfuata bila kuuliza maswali. Na maswali kwa jumla watu walikuwa wameyaacha, kwa sababu tuliona kwa macho yetu wenzetu wakiingizwa kwenye buti za magari mchana kweupe, na mkewe mtu akiuliza alikopelekwa anaambiwa aende nyumbani akatulie.

Katikati ya hali hiyo wakaanza kuja wagonjwa nisiowaelewa. Macho ya manjano, sawa, hayo tunayajua. Lakini hawa walikuwa na vipele vyeusi kwenye mashavu na nyuma ya masikio, kope zimevimba na kutoa uchafu, kucha zimekuwa na rangi ya moshi. Daktari akibonyeza chini ya mbavu za kulia wanaruka. Walichoka mpaka wengine wanasinzia kwenye foleni. Daktari wetu alikuwa kijana, mwema, amechoka kuliko wagonjwa wenyewe, na jibu lake la ini lilikuwa moja tu: waragi, ile pombe yetu kali.

Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni na vichupa vyangu, yeye akimuuliza Maalim Idrisa, "Unakunywa waragi kiasi gani kwa siku?"

Maalim Idrisa alikuwa mzee wa kanzu na kofia, ndevu nyeupe. Akamtazama sana. "Daktari," akasema, "mimi nafundisha watoto Kurani pale Nateete. Hiyo waragi nainywea wapi? Msikitini?"

Nilicheka mpaka kichupa kikanidondoka. Lakini kicheko kilipoisha nikabaki na jambo kichwani. Kama si pombe, ni nini? Nikamfuata Maalim kwenye benchi, nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu yetu.

"Maalim, shikamoo. Unakula wapi?"

"Marahaba, binti. Nile wapi na mimi mjane? Asubuhi na jioni kwa Bi Safia, pale sokoni Nateete. Chapati zake safi, hazinuki moshi."

Na mimi nilikuwa nakula kwa Bi Safia. Nikapandisha mkono nyuma ya sikio, chini ya kitambaa changu. Nilikuwa na vipele vinne pale, karibu mwezi mzima, nikiviita joto. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Bi Safia alikuwa mama mtu mzima, mjane, wa zile familia ambazo mababu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakakaa hapa na dini yao na lugha yao. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha kambini, amri nyingi na adabu kidogo. Yeye ndiye aliyekinyoosha, bila ada, kila nilipokwenda kununua mihogo. "Hicho Kiswahili umekiiba kwa sajini gani?" ananiuliza, na watu wote kwenye benchi wanacheka. Kisha ananiongezea kipande. Baba yangu alipostaafishwa kwa lazima na nyumbani hapakuwa na kitu, alinilisha miezi mitatu na hakunikumbusha hata siku moja. Kwa hiyo mkisikia nasema Bi Safia, mjue nasema mama yangu wa pili.

Jioni ile nikashuka Nateete, nikakaa karibu na karai lake. Mafuta yalikuwa meupe, mazito, na kweli, moto ulikuwa mkali lakini hayakutoa moshi.

"Bi Safia, haya umeyapata wapi?"

"Hee! Unataka kufungua biashara? Kwa Kapteni, kile kiwanda cha sabuni alichogawiwa. Mtunza stoo ananipimia debe. Mwanangu, mafuta ya ajabu haya. Hayafuki moshi, hayachachi, na wiki mbili kwenye karai yako vile vile. Mafuta hayaishi!"

Nikamwomba kidogo kutoka kwenye debe, nikayatia kwenye kichupa cha penisilini. Akasema, "Mwehu wewe, unataka kuyapima mkojo?"

Asubuhi nilimimina tone moja kwenye glasi ya maji kwa mazoea tu ya mkono. Tone likashuka. Nikamimina la pili. Likashuka, likalala chini kwenye kitako cha glasi limejikunja kama ushanga. Mafuta, jamani, yamezama!

Mzee Kaggwa aliinama mpaka miwani ikagusa kioo. Akanusa kichupa.

"Ndugu yangu arikuwa fundi wa umeme," akasema. "Hii si ya kura. Iko ndani ya transfoma, inapoza waya zisiungue. Wazungu wametengeneza kwa krorini. Haishiki moto, haiozi. Pare kiwandani razima kuna transfoma, imekufa, na mtu amefungua koki."

Kisha akanieleza, na maneno yake nimeyakariri kwa kila mwanafunzi niliyemfundisha. Kazi ya ini ni kuvunjavunja sumu ili mwili uitoe. Kitu hiki kimetengenezwa kisivunjike. Ini linakipokea, linashindwa, linajaribu tena, linavimba, na kitu chenyewe kinakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili miaka na miaka, kikirudi kidogo kidogo kulisumbua ini lile lile. Mama anayenyonyesha anampa mtoto kwenye maziwa. Mtu anaweza kuacha kula leo na akaendelea kukibeba mpaka nywele zigeuke mvi.

Nilikimbilia Nateete na mavazi ya kazi. Bi Safia alinisikiliza mikono kiunoni. Alilia, maana mafuta yalikuwa ndiyo chakula cha wajukuu zake, lakini hakubisha. Nilipomwonyesha tone likizama kwenye kikombe chake cha chai baridi, alifunika debe, akalirudisha kiwandani kwa miguu yake.

Hapo ndipo ingekuwa imeisha, kama si mimi.

Wiki iliyofuata Mzee Kaggwa alikwenda Masaka kwenye msiba wa dada yake. Nikabaki peke yangu maabara, najiona mkuu. Bi Safia akaja na kichupa. Mtunza stoo amempa debe lingine, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba haya ni ya mbegu za pamba. "Lakini sikuyatia motoni," akasema. "Nimesema kwanza mwanangu ayatazame. Mwenye njaa hana miiko, lakini mimi bado ninao mmoja, nao ni wewe."

Nikachukua glasi ya maji, nikadondosha tone. Likaelea. Nikadondosha matano, yakaelea yote, yametandazika juu kama mafuta ya mchuzi. Furaha niliyoipata! Nikavuta karatasi ya majibu, nikaandika haraka haraka: Mafuta ya Bi Safia wa Nateete. Yanaelea. SALAMA. Neno la mwisho nikaliandika kwa herufi kubwa na nikalipigia mstari. Nikagonga muhuri wa maabara, tena mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia.

Kinachoelea ni kizima. Nilikuwa nimelisema neno hilo asubuhi mia sita.

Baada ya mwezi Bi Safia akaja tena, safari hii na kichupa cha mkojo wake. "Najiona sijambo," akasema, "lakini watu wanayasema macho yangu. Na mficha maradhi, kifo humuumbua." Alipofunua kitambaa usoni nikaona weupe wa macho yake umekwisha, umekuwa rangi ya papai. Nikanyunyiza salfa. Ikazama yote.

"Bi Safia, unapikia yapi?"

"Si yale yale uliyonipimia? Hata wateja wameongezeka. Karatasi yako nimeitundika kwenye nguzo, juu ya karai. Kila anayekuja namsomea: yamepimwa hospitali, salama."

Nilitafuta kiti nikakaa. Mzee Kaggwa alikuwa amesharudi, yuko pembeni anafuta lenzi. Alisikia yote. Hakunipigia kelele, na laiti angenipigia. Alimwomba Bi Safia amtume mtu alete mafuta kutoka kwenye debe, si kwenye karai, kwa sababu chakula cha karaini kina chumvi na chumvi nayo hudanganya moto. Yalipofika akachukua kipande cha waya wa shaba, akakichomeka kwenye kizibo apate pa kushika. Akawasha taa ya spiriti, akauchoma waya mpaka ukaacha kabisa kuupa moto rangi yoyote. Akaupoza. Akauchovya kwenye mafuta, akaurudisha motoni.

Moto ukawa kijani. Kijani kibichi, kizuri kabisa, cha kupendeza macho.

"Krorini," akasema. "Shaba ikichomwa na krorini inatoa kijani. Wamechanganya. Pamba nyingi, transfoma kidogo. Razima ieree." Kisha akanigeukia. "Nani arikuambia kinachoerea ni kizima?"

"Wewe, Mzee."

"Mimi nirisema mkojo, Zubeda. Siyo dunia nzima."

Nililia, sitawaficha. Bi Safia alikuwa amekaa pale pale, ameuona moto na ameusikia msiba wake. Alijifunika, akatoka. Nikajua anaenda kwenye karai, na nikajua karatasi yangu iko kwenye nguzo, na watu wanasomewa. Mzee Kaggwa akasema ningoje kesho, tuandike barua kwa daktari, daktari aandike kwa wakubwa. Nikamwambia karatasi yangu ya kwanza ndiyo iliyoleta balaa. Nikatia taa ya spiriti kwenye kikapu, na ule waya, nikashuka.

Nateete ilikuwa imejaa, saa kumi ya jioni, watu wanatoka makazini. Bi Safia alikuwa amesimama mbele ya karai, moto unawaka, hajatia kitu. Wateja kumi na kitu wamekaa kwenye mabenchi, Maalim Idrisa mmoja wao, wanamwuliza kuna nini. Nilipita katikati yao, nikainua mkono, nikaichomoa karatasi kwenye msumari.

"Karatasi hii ni yangu," nikasema. "Mwandiko ni wangu, muhuri ni wangu, na ni ya uongo. Mafuta haya ni sumu. Bi Safia hakujua. Aliniuliza mimi, nikamwambia salama."

Kisha Bi Safia akasema kwa sauti ya chini, "Umeniaibisha mbele ya wateja wangu, Zubeda."

"Afadhali aibu, mama."

"Afadhali kwa nani? Wewe utarudi hospitali. Mimi hapa ndipo ninapokula."

Nikawasha taa juu ya meza yake ya kukandia unga. Nikauchoma waya mpaka ukawa safi. Nikauchovya kwenye samli ya kikopo ya mama wa jirani, moto haukubadilika. Nikausafisha tena, nikauchovya kwenye debe la Bi Safia. Kijani. Watu wakasema "Bannange!", yaani jamani, kwa pamoja. Maalim Idrisa akasogea, akaniomba nirudie, nikarudia. Mtu mmoja akafungua mdomo aseme mafuta haya ni ya nani, mwenzake akamkanyaga mguu.

Bi Safia aliutazama moto ule mpaka ukaisha. Kisha akashika masikio ya karai kwa kitambaa, akaliteremsha mwenyewe, akamwaga maji kwenye kuni. "Leo hakuna chapati," akawaambia watu. "Kesho njooni na mihogo ya kuchemsha. Asiyetaka ya kuchemsha na abaki na njaa yake."

Siku ya pili yake Kapteni akaja maabara. Jina lake silitaji, ana wajukuu na hawana kosa. Aliingia na askari mmoja, miwani nyeusi, fimbo mkononi. Wagonjwa wote kwenye benchi wakakumbuka wana shughuli nyumbani.

"Nani hapa naambia watu mafuta yangu iko na sumu?"

Mzee Kaggwa akasimama. "Mimi ndiyo mkubwa wa hapa, afande."

Yule mzee, angekaa kimya ningechukuliwa mimi na yeye angebaki na kazi yake. Nikasimama na mimi. "Ni mimi, afande. Yeye alikuwa msibani."

"Wewe mtoto ya nani?"

Nikamtajia baba. Akamfahamu, au alijifanya. Akasema mtoto wa polisi anajua inavyokuwa kwa watu wa kuharibu uchumi. Nilikuwa naogopa, na sijui neno lile lilitoka wapi, ila nadhani lilitoka kwenye lile swali lisilokuwa kwenye fomu.

"Afande, na nyumbani kwako mnapikia yapi?"

Akacheka. "Mimi siyo mjinga. Ile ya kuchanganya ni ya soko. Nyumbani napeleka ile safi, ile mzito. Mama yangu iko na pumu, hataki moshi."

Mzee Kaggwa akafumba macho.

Nikawasha taa. Nilikuwa bado nina kile kichupa cha kwanza, yale yaliyozama. Nikadondosha tone kwenye maji, akaliona likishuka. Nikachovya waya, akauona moto. Nikamweleza kwa Kiswahili cha kambini, alichokielewa vizuri, kitu hiki kinalifanya nini ini. Fimbo ilikuwa inagonga mguu wake, tap, tap, kisha ikaacha.

"Mama iko na macho ya manjano," akasema. "Daktari anasema malaria."

"Mlete, afande. Au lete mkojo wake."

Aliuleta mwenyewe, saa moja haikwisha, kwenye chupa ya soda, ameishika kwa mikono miwili. Nikanyunyiza salfa mbele yake. Ikazama yote kama lile tone, sikuhitaji kumweleza.

"Itatoka siku gani?"

"Haitoki, afande. Anaweza kuacha kula, ini likapumzika kidogo. Lakini iliyoingia imeingia."

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa na miwani yake mkononi. Mtu yule alikuwa ametisha mji, na pale alikuwa mtoto wa mtu tu. Sikumwonea huruma siku hiyo. Baadaye nilimwonea, kidogo. Alipoondoka kiwanda kikafungwa, mtunza stoo hakuonekana tena, na mapipa yakapakiwa kwenye lori. Nilisimama njiani nikawaambia wasimwage, kitu kile hakiozi, kikimwagwa bondeni Bwaise mafuriko yatakirudisha milangoni kwa watu. Dereva aliniambia nitoke njiani. Yalikopelekwa sijui hadi leo, na hilo halijanitoka moyoni.

Mzee Kaggwa alinipa adhabu moja. Alisema nisiandike tena neno "salama" kwenye karatasi ya maabara maadamu niko hai. Niandike nilichotafuta, nilivyokitafuta, na nilichoona. Kama sikuona, niandike sijaona. Miaka yote niliyofanya kazi sikulivunja sharti hilo, na wale mnaoninung'unikia kwamba Mama Rosa anaandika majibu marefu, sababu ndiyo hiyo.

Maalim Idrisa alipona kiasi cha kurudi darasani, akabaki na makovu meusi mashavuni. Mama wa Kapteni hakuumaliza mwaka. Bi Safia alikasirika nami miezi miwili kamili. Nilikwenda kila jioni, nikinunua mihogo yake ya kuchemsha, nikiila pale pale benchini. Mwezi wa tatu nikakosea neno fulani, akaniuliza nimeliiba kwa sajini gani. Nikajua nimesamehewa.

Tangu hapo kila mwanzo wa mwezi alipanda kilima cha hospitali na kichupa chake. Alikataa mtu mwingine yeyote ampime. Serikali ile ikaanguka, vita vikapita, Mzee Kaggwa tukamzika Masaka, na Bi Safia bado anapanda kilima. Alijifunza kipimo chenyewe, anainama na mimi juu ya glasi. "Leo umeona nini?" ananiuliza. "Leo sijaona, mama." "Basi andika hivyo hivyo," anasema, na anaikunja karatasi kwenye pindo la kanga.

Mara ya mwisho aliletwa na wajukuu, wamemshika huku na huku. Tumbo lilikuwa limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Alikataa kitanda mpaka kwanza apimwe. Nikanyunyiza salfa, na kabla sijafunika kopo unga wote ulikuwa chini. Yeye ndiye aliyesema, "Imezama."

Nikavuta karatasi. Nikaandika jina lake, nikaandika Nateete, kalamu ikasimama hapo. Nikamwambia mama, tuiache tu, nitamwambia daktari kwa mdomo.

Bi Safia akatia mkono kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne, ya manjano, yenye mihuri miwili. Ile niliyoichomoa kwenye nguzo nilikuwa nimeiacha juu ya meza yake ya unga, siku ile ya aibu. Aliihifadhi miaka yote hiyo. Akaiweka kando ya ile mpya, akanishika mkono wenye kalamu.

"Andika, mwanangu," akasema. "Ile ya uongo uliiandika haraka."